Kisima ni amana: si kila maji twahara ni salama kunywewa

Kila sifa njema inamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyeyateremsha maji kutoka mbinguni kwa kipimo na akayatuliza ardhini. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote.

Ndugu zetu Waislamu, kila mvua za masika zinapokaribia huwa tunazungumza sana juu ya barabara zitakazokatika, nyumba zitakazoingia maji na mashamba yatakayopandwa. Ni nadra kusikia mtu akivitaja visima. Ilhali katika miji yetu mingi midogo ya mwambao na visiwani, na hata ile ya bara, kisima ndicho kinachotunywesha, ndicho kinachotupikia, na ndicho kinachojaza birika la udhu. Ijumaa hii tumeona vema tulizungumze jambo hili mapema, kwa sababu mvua inapokwisha kunyesha huwa tumekwisha kuchelewa.

Ipo dhana iliyokita mizizi katika nyoyo za watu kwamba maji ya chini ya ardhi ni safi kwa asili yake. Mtu huyaona yanameta kama kioo, huyaonja akayakuta matamu na baridi, naye huamini kuwa mchanga na mawe yameshamfanyia kazi ya kuyachuja. Mara nyingi dhana hiyo huwa kweli. Lakini siku inapokuwa si kweli, wanaoumia kwanza ni watoto wadogo na wazee. Hebu na tuutazame mji mmoja uliojifunza somo hili kwa gharama kubwa mno.

Yaliyotokea Walkerton

Walkerton ni mji mdogo katika jimbo la Ontario nchini Kanada. Mwaka 2000 ulikuwa na wakazi wapatao 4,800, na maji yake yote yalitoka visimani. Haukuwa mji wa kimasikini. Ulikuwa na pampu, mabomba yaliyofika katika kila nyumba, mashine za kutilia klorini, maabara ya kupima maji na sheria za nchi zilizoandikwa vizuri.

Mwezi wa Mei mwaka huo mvua kubwa zilinyesha kwa siku tano mfululizo, zikafikia milimita 134. Usiku wa Ijumaa ya tarehe 12 mvua ilipozidi, maji yaliyopita katika shamba la karibu lililotiwa samadi ya ng'ombe yalipenya ardhini na kukifikia kisima kilichoitwa Kisima Namba 5. Kisima hicho kilikuwa kifupi. Maji yake yalitoka katika mawe yenye nyufa, mita tano hadi nane tu kutoka juu. Tangu kilipochimbwa mwaka 1978 ilikuwa imeonekana kuwa maji ya juu ya ardhi yanakifikia kwa urahisi, lakini onyo hilo liliachwa likalala ndani ya majalada. Mwenye shamba hakuwa na kosa. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulithibitisha kuwa aliitumia samadi yake kwa utaratibu unaokubalika.

Ndani ya maji hayo mlikuwamo bakteria wa aina ya E. coli O157:H7, ambao huishi matumboni mwa ng'ombe bila ya kuwadhuru, lakini wakimwingia binadamu humharisha damu na huweza kuziharibu figo zake, hasa akiwa mtoto. Hawana rangi, hawana harufu, wala hawana ladha. Watu walikunywa, wakawapa watoto wao, wakawakirimu wageni wao, na hakuna aliyehisi lolote kinywani.

Jumatatu ya tarehe 15 sampuli za maji zilichukuliwa. Jumatano ya tarehe 17 maabara ilimpelekea meneja wa maji habari kwamba sampuli zimekutwa na uchafu wa kinyesi. Meneja yule akanyamaza. Watoto walipoanza kufikishwa hospitali, maofisa wa afya walimpigia simu kumuuliza hali ya maji, naye akawajibu kuwa maji hayana tatizo. Maofisa hao, walipoona wagonjwa wanaongezeka, hawakuendelea kumtegemea. Jumapili ya tarehe 21 waliwatangazia watu wachemshe maji kabla ya kunywa, na wakachukua sampuli zao wenyewe zilizothibitisha khofu yao. Kesho yake mtu wa kwanza akafariki dunia. Hatimaye watu 7 walikufa na zaidi ya 2,300 wakaugua, yaani karibu nusu ya idadi ya watu wa mji mzima. Wapo watoto waliopona kuhara lakini wakabaki na maradhi ya figo.

Serikali ya jimbo iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Dennis O'Connor, nayo ilitoa taarifa zake mwaka 2002. Ilionekana kuwa kama habari ya maabara ingetolewa mara maofisa wa afya walipouliza, watu wapatao 300 hadi 400 wasingeugua. Na kama katika Kisima Namba 5 kingewekwa kifaa cha kupima klorini na ukungu wa maji wakati wote, maafa yale yangezuilika. Tume haikuwalaumu wafanyakazi wa maji peke yao. Ilionesha pia kwamba serikali ilikuwa imepunguza bajeti ya wakaguzi, na kwamba ilipoziachia maabara za binafsi kazi ya kupima maji mwaka 1996 haikuzilazimisha kisheria kuwaarifu maofisa wa afya matokeo yakiwa mabaya.

Kalamu iliyoandika yasiyokuwapo

Lililotushitua zaidi katika kisa hiki ni daftari. Kisheria wafanyakazi wa maji walitakiwa kupima kiasi cha klorini katika kila kisima kila siku na kukiandika. Kwa miaka mingi hawakupima. Waliandika tu tarakimu zile zile, ambazo mkaguzi angependa kuziona. Hata chupa za sampuli walizibandika majina ya mitaa ambayo hawakuichukulia maji. Kisima kingine, Namba 7, kilisukuma maji mjini kwa siku kadhaa za mwezi ule bila ya klorini hata tone, kwa sababu mashine yake ilikuwa haijafungwa.

Je, walikuwa watu waovu waliokusudia kuua? Hapana. Tume iligundua kuwa wao wenyewe walikuwa wakiyanywa maji ya kisima bila ya kutiwa dawa, kwa kuyaamini kuwa ni mazuri. Tena wakazi wenyewe walikuwa wakiwashinikiza mara kwa mara wapunguze klorini kwa sababu hawakuipenda ladha yake. Walifanya yale ambayo wengi wetu tungeyafanya: waliyatazama maji, wakayaona meupe, wakayaonja, wakayakuta matamu, wakaona hiyo kazi ya kupima ni ya kuwaridhisha wakubwa tu. Mwaka 2004 walikiri makosa mahakamani. Mmoja akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na mwingine kifungo cha nyumbani cha miezi tisa. Majina yao tumeyaacha kwa makusudi. Tunalitaja kosa lao kwa sababu linaweza kufanywa na yeyote miongoni mwetu.

Uislamu umetufundisha kuwa amana ni jambo zito, na kwamba ushahidi wa uongo ni miongoni mwa madhambi makubwa. Tumezoea kuufikiria ushahidi wa uongo katika mahakama ya kadhi, mtu akila kiapo juu ya shamba au mirathi. Lakini anayeandika katika daftari kuwa maji yamepimwa ilhali hayakupimwa, huyo naye ameshuhudia uongo, na walioathirika kwa ushahidi wake ni watoto ambao hakupata hata kuwaona.

Twahara na usalama

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi Waislamu kwa namna ya pekee, nalo linahitaji kuelezwa kwa uwazi. Katika madrasa tumesoma kwamba maji yakifikia kiasi cha qullatayn, ambacho wanazuoni wa zama hizi hukikadiria kuwa lita 200 hivi au zaidi, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi ila yakibadilika rangi, ladha au harufu. Hiyo ndiyo kauli ya madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo inayofuatwa na watu wengi wa mwambao wetu. Ipo pia hadithi mashuhuri ya kisima cha Budaa mjini Madina, ambacho watu walikuwa wakikitupia uchafu, na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa alijibu kuwa maji yake ni twahara.

Baadhi yetu tumeyachukua mafundisho haya tukayapeleka mahali pasipokuwa pake. Mtu huambiwa kuwa kisima cha msikiti kina wasiwasi kwa kuwa choo kiko jirani, naye hujibu kuwa maji ni mengi, hayakubadilika, basi ni twahara. Jibu lake ni sahihi kwa swali ambalo hakuulizwa. Hukumu ile inahusu kusihi kwa udhu na swala. Inamwondolea muumini uzito na wasiwasi katika ibada, na hiyo ni rehema kubwa kwa watu waishio katika nchi kavu. Haikuja kutuarifu kuwa maji hayo hayana vijidudu vya kuharisha. Maji ya Walkerton hayakubadilika rangi, wala ladha, wala harufu.

Tena tukiwatazama maulamaa wetu tutaona walivyokuwa watu wa kupima. Imam Abu Daud, baada ya kuipokea hadithi ya Budaa, alikwenda mwenyewe kwenye kisima hicho, akakipima upana wake kwa shuka lake, akakuta ni dhiraa sita, akamuuliza na mlinzi wa bustani kama kisima kimebadilishwa. Hakutosheka na kusikia. Ikiwa mwanachuoni wa hadithi alipima kisima kwa shuka lake, sisi tuliojaaliwa maabara tuna udhuru gani?

Na mafundisho ya kuyahifadhi maji yako wazi. Mtume (S.A.W.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, akaonya vikali dhidi ya kujisaidia katika mapito ya maji, njiani na kwenye vivuli wanapopumzika watu, na akaamrisha vyombo vifunikwe usiku. Na kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana haikuliacha nje suala la maji.

Wako pia wanaohofia kuwa dawa ya klorini huyaondolea maji sifa ya kutwahirishia. Hofu hiyo haina msingi. Mabadiliko madogo yasiyoyaondolea maji jina la maji hayaharibu udhu, na kiasi kinachotiwa katika maji ya kunywa ni kidogo sana, takribani nusu ya miligramu inayobaki katika kila lita.

Ardhi tunayoikalia

Huenda msomaji akasema kuwa Kanada ni mbali na ng'ombe wao si ng'ombe wetu. Basi na tutazame kwetu. Mji wa kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, umeishi kwa vizazi vingi kwa maji ya ardhini. Mvua hunyesha juu ya vilima vya mchanga vya Shela, maji yakashuka taratibu, yakakaa chini kama tabaka jembamba la maji baridi lililoelea juu ya maji ya chumvi. Ndiyo maana mwaka 2002 vilima hivyo viliwekewa ulinzi wa kisheria. Anayejenga juu ya vilima vile huziba mlango wa mvua, na anayesukuma maji kupita kiasi huivuta chumvi ije juu, na ikishakuja hairudi kwa amri ya mtu.

Ndani ya miji yetu ya mawe hali ni ngumu zaidi. Nyumba zimebanana, kila nyumba ina choo cha shimo au karo, na visima vimo humo humo katika nyua na misikitini. Ardhi ya matumbawe ina mianya na mapango. Maji machafu hayachujwi ndani yake kama yanavyochujwa na mchanga, bali hupita kama apitaye katika uchochoro. Kawaida hushauriwa choo kiwe mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi, lakini katika mawe yenye mianya hata umbali huo si dhamana. Wazee wetu walilifahamu jambo la maji kwa kadiri ya elimu yao. Ndio waliowaweka samaki katika mabirika ili wale viluwiluwi vya mbu.

Wapo watakaosema kuwa babu zetu waliyanywa maji haya na wakaishi. Ni kweli, lakini nyumba zilikuwa chache, vyoo vichache na watu wachache. Na tusisahau kuwa wengi walifariki wakiwa wachanga kwa maradhi ya tumbo, wala hawakuacha wajukuu wa kutusimulia.

Tuongeze kuwa si kila dhara ni la vijidudu. Katika sehemu za kaskazini mwa Tanzania, hasa Arusha na Kilimanjaro, visima vingi vina madini ya floridi yaliyozidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Huyatia meno rangi ya kahawia na yakizidi sana hupinda mifupa ya watoto. Maji ya namna hiyo hayasaidiwi na kuchemshwa. Ndiyo sababu tunasema kisima kipimwe kwanza, ndipo dawa yake ijulikane.

Sadaka ya kisima

Kuna kheri kubwa ambayo Waislamu wa Afrika Mashariki wanaifanya: kuchimba visima kwa ajili ya wazazi wao waliotangulia mbele ya haki. Tunaijua habari ya Saad bin Ubada (R.A.) aliyechimba kisima kwa niaba ya mama yake, na ya Sayyidna Uthman (R.A.) aliyekinunua kisima cha Ruma akakitoa kwa Waislamu. Hakuna wa kuidharau sadaka hii.

Lakini ni lazima tuseme ukweli. Visima vingi vya sadaka huchimbwa kwa haraka, pale palipobaki nafasi katika uwanja wa msikiti au madrasa, na mara nyingi nafasi hiyo huwa kando ya vyoo. Jina la marehemu huchorwa ukutani, picha hupigwa zikapelekwa kwa mfadhili, na kisima husahauliwa. Hakuna aliyepima maji siku ya kwanza, na hakuna fungu la kuyapima mwaka unaofuata wala la kununulia mpira wa pampu ukikatika. Ndugu mfadhili, sadaka yako inaendelea maadamu inanufaisha. Tenga sehemu ya fedha kwa ajili ya kupima na kutengeneza, hata ikibidi badala ya visima vitatu uchimbe viwili. Viwili vyenye maji salama ni bora kwa mzazi wako kuliko vitatu vinavyoharisha mayatima.

Wajibu wetu kabla ya masika

Kwa upande wa familia, jambo la kwanza ni kutoyaamini macho na ulimi peke yake. Maji ya kunywa, hasa ya watoto, wajawazito na wazee, yachemshwe mpaka yatokote sawasawa, au yatiwe dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa na yaachwe nusu saa kabla ya kunywewa. Asiye na kuni wala fedha ya dawa anaweza kuyatia maji yasiyo na ukungu katika chupa nyeupe za plastiki zisizozidi lita mbili na kuzilaza juani kwa saa sita, au siku mbili ikiwa kuna mawingu. Yakishatibiwa yawekwe katika mtungi wenye mdomo mwembamba au ndoo yenye bomba, ifunikwe, na kata isishikwe na kila mkono.

Kwa upande wa kamati za misikiti na za maji, kisima kiwe na ukuta ulioinuka, kifuniko, na sakafu ya saruji yenye mfereji wa kuyapeleka maji mbali ili yasirudi ndani. Kamba na ndoo iwe moja maalumu, isiyowekwa chini penye tope. Punda na mbuzi wasifungwe karibu. Maji yapelekwe maabara angalau kabla ya mvua na baada yake, na kiwango kinachokubalika ni kutokuonekana hata bakteria mmoja wa kinyesi katika mililita 100.

Tunapendekeza jambo moja ambalo halihitaji fedha nyingi. Kila msikiti una ubao wa nyakati za swala. Pembeni ya ubao huo pabandikwe karatasi ya matokeo ya kupima kisima, yenye tarehe na jina la aliyepima. Yakiwa mazuri, watu wamshukuru Mola wao. Yakiwa mabaya, yabandikwe vile vile, tena siku hiyo hiyo, na khatibu awatangazie watu kabla hawajatawanyika. Imamu asione haya kusema kuwa kisima cha msikiti wake kina kasoro. Aibu iko katika kunyamaza.

Na wenye mamlaka tunawakumbusha kuwa maabara ya maji iliyo mbali kwa siku mbili za safari haiwafai watu wa mji mdogo, wala mkaguzi anayelitazama daftari bila ya kukitazama kisima hajakagua kitu. Sheria iseme wazi kwamba anayegundua maji mabaya, awe wa serikali au wa binafsi, awajulishe watu wa afya papo hapo.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie mvua ya rehema isiyokuwa ya maangamizo, awaponye watoto wetu na maradhi, na atupe ukweli katika ndimi zetu na katika kalamu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.